Ugonjwa ulimpa nini Van Gogh, na ulimnyang'anya nini

Msomaji wetu mmoja wa Morogoro ameandika: "Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu ana miaka 26, ni mchoraji wa rangi za mafuta. Mwaka jana aliugua ugonjwa wa akili, akalazwa, akapewa dawa, akapata nafuu. Sasa dawa ameziacha. Anasema zinamtia usingizi na kumtetemesha mkono, na kwamba Van Gogh angetibiwa dunia isingemjua. Ukutani kwake amebandika ile picha ya usiku yenye nyota zinazozunguka. Mimi ni mshonaji, habari za wachoraji sizijui, kila tukibishana ananishinda. Je, ni kweli wazimu ndio uliomfanya yule mtu achore vile? Na kama si kweli, nimwambie nini mdogo wangu?"

Marahaba, mwanangu. Si kweli. Vincent van Gogh alichora akiwa na akili zake, na ugonjwa ulipomkamata alishindwa kuchora, au alichora vibaya, au alikatazwa asikaribie rangi kwa kuwa alizila. Hilo nalisema bila kusita kwa sababu yeye mwenyewe ametuachia ushahidi. Zimebaki barua zaidi ya 800 alizoandika, nyingi mno kwa mdogo wake Theo, na ndani yake anaeleza leo amechora nini, rangi gani imeisha, amelala vipi, ameumwa lini. Ukiziweka barua hizo kando ya picha, unaona waziwazi picha ipi ilichorwa siku zipi. Nitakupitisha humo taratibu, ili siku mdogo wako akianza tena uwe na la kumjibu.

Kwanza ajue kwamba yule mtu alichelewa kuanza. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 huko Zundert, kusini mwa Uholanzi, mtoto wa mchungaji. Akiwa na miaka 16 aliingizwa kwenye kampuni ya wauzaji wa picha ya Goupil, akafanya kazi The Hague, London na Paris, mpaka akaachishwa mwaka 1876. Akajaribu ualimu Uingereza, akajaribu duka la vitabu, akaanza kusomea uchungaji Amsterdam akaacha, halafu akaenda kuhubiri kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Kule aligawa nguo zake, akawa analala kwenye majani makavu. Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa, wakamwondoa kazini mwaka 1879. Alipoamua kuwa mchoraji, mwaka 1880, alikuwa na miaka 27. Mdogo wako ana 26. Mwambie bado hajafika hata pale Vincent alipoanzia.

Na alipoanza hakuwa hodari. Michoro yake ya kwanza ni mizito, watu wamekakamaa, mikono haikai sawasawa. Alichofanya ni kujifunza kwa ukaidi usio wa kawaida. Alinakili mazoezi ya vitabu vya kuchorea, karatasi kwa karatasi, akimaliza anaanza upya. The Hague alifundishwa na Anton Mauve, mchoraji aliyekuwa mume wa binamu yake. Alitengenezewa fremu ya mbao yenye nyuzi zilizovutwa, akawa anaisimamisha ufukweni na mashambani ili kupata sawasawa umbali wa vitu. Huko Nuenen alichora vichwa vya wakulima kwa makumi, kichwa baada ya kichwa, majira ya baridi yote, kabla ya kuthubutu kuwakusanya kwenye picha moja ya watu watano wanaokula viazi chini ya taa, mwaka 1885.

Rangi nazo alizisomea. Watu wanadhani ile njano kali na ile samawati ya kina zilimtoka kwa sababu kichwa kilikuwa kimechemka. Vincent alisoma vitabu vya nadharia ya rangi, akajua ni rangi zipi zikikaa jirani kila moja inaipa mwenzake nguvu: samawati na chungwa, nyekundu na kijani, njano na zambarau. Alikuwa na kisanduku chekundu chenye mabonge ya nyuzi za sufu za rangi mbalimbali zilizosokotwa pamoja, akijaribia humo rangi zipi zinapatana. Kisanduku hicho kipo mpaka leo kwenye makumbusho yake Amsterdam. Wewe mshonaji utamwelewa hapa pengine kuliko mdogo wako: naye alipanga uzi na uzi kabla hajagusa kitambaa. Alipofika Paris mwaka 1886 akaona kazi za wachoraji wapya wa Ufaransa na picha za Kijapani zilizopigwa chapa kwa mbao, na ndani ya miaka miwili picha zake zikatoka kwenye kahawia ya viazi zikawa nyeupe kwa mwanga. Hayo ni mafunzo. Mtu hapati mafunzo hayo kwa kuumwa.

Mwili wake, hata hivyo, aliutesa. Akiwa Antwerp, mwanzoni mwa 1886, alimwandikia Theo kwamba tangu Mei ya mwaka uliopita amekula chakula cha moto labda mara sita au saba, na kwamba meno yapatayo kumi yameshatoka au yanaelekea kutoka. Alivuta tumbaku, akanywa kahawa na mkate, baadaye akanywa pombe nyingi. Usidhani ni kwa sababu hakuwa na fedha kabisa. Theo alimtumia kila mwezi, na miaka ya Arles zilikuwa kati ya faranga 150 na 250, wakati rafiki yake Joseph Roulin wa posta alikuwa akilea mke na watoto watatu kwa mshahara wa faranga 135. Fedha zilikuwepo, ziliishia kwenye rangi na turubai. Hili nalisema kwa sababu nimewaona vijana wengi wanaochora wakijinyima chakula wakidhani ndiyo njia ya ukubwa. Njaa ilimdhoofisha Vincent, na daktari yeyote wa leo angesema ilimwongezea ugonjwa.

Sasa tufike Arles, kusini mwa Ufaransa. Alifika Februari 1888 na kwa miezi kama kumi alifanya kazi kwa kasi ambayo mpaka leo inanishangaza. Bustani za matunda zilipochanua alizichora zote kabla maua hayajapukutika. Mavuno ya ngano aliyachora juani. Yale maua ya alizeti yaliyomfanya ajulikane aliyachora Agosti, kwa siku chache, akianza alfajiri kwa kuwa yananyauka haraka. Alitaka yapambe chumba cha Paul Gauguin, mchoraji mwenzake aliyekuwa akimsubiri kwa hamu. Soma barua za miezi ile uone ni za mtu wa namna gani. Anapanga, anahesabu gharama ya fremu, anamweleza Theo picha ipi iwekwe kando ya ipi, anaota nyumba ambayo wachoraji wataishi pamoja na kugawana matumizi. Ni mtu mwenye haraka na mwenye upweke, anayejichosha na kunywa kupita kiasi, lakini anajua anachofanya.

Gauguin alifika tarehe 23 Oktoba. Waliishi pamoja wiki tisa, wakichora, wakibishana, wakichoshana. Usiku wa tarehe 23 Desemba 1888, Vincent alijikata sikio, akalipeleka kwa msichana aliyekuwa akifanya kazi kwenye danguro la karibu. Sipendi kukaa hapa, maana watu wamekaa hapa miaka zaidi ya mia moja na wamesahau mengine yote. Nitakwambia tu kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachomhusu mdogo wako.

Alipelekwa hospitali ya Arles, akatibiwa na daktari kijana, Félix Rey. Daktari yule alimpa bromidi ya potasiamu, moja ya dawa chache za kutuliza zilizokuwepo wakati ule. Mwishoni mwa Januari 1889 Vincent alimwandikia Theo kwamba zile njozi zisizovumilika zimekoma, zimebaki ndoto mbaya tu, na akasema anadhani ni kwa sababu ya bromidi anayokunywa. Mwambie mdogo wako hilo neno kwa neno: Van Gogh alikunywa dawa na akaisifu. Na mwezi ule ule alichora picha ya Daktari Rey, akajichora mwenyewe akiwa na bendeji, akachora meza yenye vitunguu na kitabu cha tiba, akarudia alizeti zake, akaendelea na picha ya mke wa Roulin aliyekaa kwenye kiti akishika kamba ya susu. Dawa haikumfunga mkono.

Haikumponya pia, sitakuficha. Mwanzoni mwa Februari alirudiwa, akaanza kudhani watu wanataka kumtilia sumu. Ndipo majirani wapatao 30 wakatia saini ombi kwa meya kwamba mtu huyu ni hatari, aondolewe. Polisi wakaifunga nyumba yake, yeye akafungiwa chumbani peke yake hospitalini, akiwa sasa ametulia na anaelewa kila kinachotendeka. Barua aliyoandika Machi 1889 kuhusu jambo hilo ni miongoni mwa barua nzito kuliko zote nilizozisoma.  Anasema tu ni pigo kubwa kuona watu wengi kiasi kile wameungana dhidi ya mtu mmoja, tena mgonjwa. Wewe unaishi mtaani na mgonjwa, majirani wa namna hiyo pengine unawajua.

Mei 1889 aliomba mwenyewe kwenda kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Paul-de-Mausole, nje ya mji wa Saint-Rémy. Hapa ndipo hoja ya mdogo wako inapovunjika, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Alikaa mwaka mmoja na siku chache. Alipewa chumba cha kulala chenye madirisha ya nondo, na chumba kingine cha kuchorea. Tiba ilikuwa kidogo sana: maji ya kuoga ya muda mrefu mara mbili kwa wiki, utulivu, kutokunywa pombe kama zamani, na daktari, Théophile Peyron, aliyedhani kwamba ni kifafa cha namna fulani. Wiki za kwanza hakuruhusiwa kutoka, akachora bustani ya hospitali, na huko ndiko yalikotoka yale maua ya samawati ya airisi. Katikati ya Juni, akiwa hajarudiwa na ugonjwa kwa wiki kadhaa, akachora usiku wenye nyota. Ile picha iliyo ukutani kwa mdogo wako ni ya mtu aliyekuwa amelazwa, ametulia, analala, anakula milo yake kwa saa, na amekaa mbali na chupa.

Tena haikuchorwa usiku mbele ya dirisha kama watu wanavyofikiri. Anga aliliona kutoka chumbani kwake kabla ya mapambazuko, lakini kazi aliifanya mchana kwenye chumba cha chini, na kile kijiji chenye mnara wa kanisa hakionekani kutoka dirishani, alikiongeza kwa kutunga. Ile mizunguko ya anga ni maamuzi ya mchoraji. Na miezi michache baadaye alimwandikia rafiki yake Émile Bernard akilalamika kwamba ameruhusu tena nyota ziwe kubwa mno na kwamba jaribio lenyewe halikufaulu. Mimi naona alikosea kuihukumu hivyo, lakini angalia anavyozungumza: fundi anayepima kazi yake, anaikosoa, anataka kuifanya vizuri zaidi.

Mwezi mmoja baada ya kuchora usiku ule wenye nyota, katikati ya Julai, ugonjwa ukarudi akiwa nje anachora. Safari hii ulimshika wiki kama sita. Alikula rangi na kwa hiyo wakamzuia asiingie kwenye chumba cha kuchorea. Alipopata nafuu alianza kuwasihi wamruhusu arudi kwenye kazi, akisema anaihitaji ili apone. Zipo picha chache sana ambazo tuna hakika zilichorwa ndani ya ugonjwa wenyewe. Moja ipo Oslo, kwenye makumbusho ya taifa ya Norway, ni picha yake mwenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama ni yake kweli, mpaka Januari 2020 makumbusho ya Van Gogh ya Amsterdam yalipothibitisha kwamba ni yake, na kwamba ndiyo ile aliyoitaja kwenye barua ya Septemba 1889 kuwa ni jaribio la siku alizokuwa mgonjwa. Mtafutie mdogo wako picha hiyo kwenye simu, muitazame wote wawili. Uso umeinama, jicho linaangalia pembeni kwa woga, rangi ni kijani na kahawia iliyofifia. Inasikitisha, na ni ushuhuda wa thamani. Lakini iweke kando ya zile alizojichora wiki chache baadaye, alipopona, uone tofauti ya mkono.

Mahesabu ya mwaka ule wa Saint-Rémy ni rahisi. Alichora picha karibu 150. Ugonjwa ulimkamata mara nne: zile wiki za Julai na Agosti, wiki moja wakati wa Krismasi, wiki moja mwishoni mwa Januari, halafu kipindi kirefu kuliko vyote, miezi miwili kuanzia Februari hadi Aprili 1890. Ukijumlisha ni kama theluthi ya mwaka iliyopotea. Mizeituni, misaipresi, mashamba ya ngano chini ya milima, vyote vimetoka kwenye theluthi mbili zilizobaki. Miezi ile miwili ya mwisho alitoa picha chache ndogo na michoro alizoziita kumbukumbu za kaskazini, vibanda na wakulima wa kwao Uholanzi. Masika yalipita dirishani. Alikuwa amechora matawi ya mlozi yaliyochanua, zawadi kwa mtoto wa Theo aliyezaliwa tarehe 31 Januari 1890 na kupewa jina lake, Vincent. Alitaka kuchora miti mingine mingi. Alipoinuka kitandani maua yalikuwa yamekwisha.

Ugonjwa ulimwibia na furaha. Januari ile kijana mmoja mwandishi, Albert Aurier, alichapisha makala ndefu ya kumsifu, ya kwanza ya namna ile. Karibu wakati huohuo picha yake ya shamba jekundu la mizabibu ilinunuliwa kwenye maonyesho ya Brussels kwa faranga 400 na mchoraji Anna Boch. Mtu aliyehangaika miaka kumi akitafuta jicho moja la kumwona, siku hiyo ilipofika alikuwa hawezi kuipokea. Mwezi Aprili alimwomba Theo amwambie Aurier asiandike tena, kwa kuwa huzuni imemzidi. Na Mei, akijiandaa kuondoka pale, akaandika sentensi ambayo ningependa mdogo wako aijue kabla hajasema tena habari za wazimu na vipaji: laiti ningeweza kufanya kazi bila ugonjwa huu uliolaaniwa, ningefanya mambo mengi kiasi gani! Hayo ni maneno yake kwa Theo. Kama kuna mtu mwenye haki ya kusema ugonjwa ulimsaidia au ulimharibia, ni yeye, na amesema.

Ulikuwa ugonjwa gani? Madaktari wamependekeza mengi, na kumpima mtu aliyekwisha kufa ni kubahatisha. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Uholanzi waliopitia barua zake zote waliona uwezekano mkubwa ni baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, pamoja na matatizo mengine, na wakasema kule kuweweseka baada ya kukatwa kwa sikio huenda kulitokana na kuacha pombe ghafla. Ndani ya familia ugonjwa ulikuwepo: dada yake Willemina alilazwa kwenye hospitali ya akili mwaka 1902 na akakaa huko mpaka kifo chake mwaka 1941. Dada huyu aliishi na ugonjwa wa akili miaka mingi kuliko kaka yake, na hakuna aliyewahi kusema ulimpa kipaji.

Mwisho wake nitausema kwa ufupi. Mei 1890 alihamia Auvers, karibu na Paris, apate kuwa jirani na Theo na chini ya uangalizi wa Daktari Paul Gachet. Alichora karibu picha moja kila siku. Lakini aliondoka hospitalini wiki chache tu baada ya shambulio refu kuliko yote, na Julai zikamjia habari mbaya mfululizo: mtoto wa Theo mgonjwa, Theo mwenyewe anafikiria kuacha kazi, na yeye anajiona mzigo kwao. Tarehe 27 Julai alijijeruhi, akafariki tarehe 29, Theo akiwa kando yake. Alikuwa na miaka 37. Asubuhi ya tarehe 27 alikuwa akichora mizizi ya miti kwenye ukingo wa barabara, picha iliyobaki haijakamilika. Hakuna utukufu wowote katika kifo kile. Theo hakupona pigo lile, naye akafa Januari 1891 kwa ugonjwa wake mwingine.

Na hapa anaingia mtu ambaye ningependa wewe, dada mtu, umjue. Jo Bonger, mke wa Theo, alibaki mjane akiwa na miaka 28, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na nyumba imejaa picha ambazo watu walimshauri azitupe. Akarudi Uholanzi, akafungua nyumba ya wageni huko Bussum, akatundika picha ukutani, akaanza kuziandikia barua taasisi moja baada ya nyingine. Mwaka 1905 alipanga maonyesho ya picha na michoro zaidi ya 470 Amsterdam. Mwaka 1914 akachapisha barua. Akauza kwa mpango, picha hii huku, ile kule, mpaka mwaka 1924 alipokubali kwa shingo upande kuiachia alizeti moja kwa makumbusho ya London. Ndiye aliyefanya tumjue Vincent. Theo alitoa fedha, Jo alitoa miaka 34 ya maisha yake. Mdogo wako anaposema Van Gogh alijulikana kwa wazimu, ameruka kichwani kwa mwanamke huyu ambaye kila siku aliamka akiwa na kazi.

Kuna neno moja la haki ambalo lazima nimpe mdogo wako. Mateso yaliingia kwenye picha za Vincent. Mtu asiyewahi kulala kwenye majani na wachimbaji wa makaa asingewachora wala viazi vile. Alijua kuachwa, kukataliwa na kuonewa, na alipomtazama mtu mwingine aliyeonewa alimwona kweli. Lakini kujua maumivu ni jambo moja na kuwa katikati ya shambulio la ugonjwa ni jambo lingine. Maumivu aliyajua tayari. Dawa zisingemfutia.

Mwenzake wa Norway, Edvard Munch, aliogopa kitu kilekile anachoogopa mdogo wako. Aliwahi kuandika kwamba mateso yake ni sehemu ya nafsi yake na sanaa yake. Mwaka 1908 akavunjika kabisa, pombe na hofu zikamwangusha, akaingia kliniki ya Daktari Daniel Jacobson huko Copenhagen, akakaa miezi kama minane. Alipotoka aliacha maisha ya baa, akarudi kwao, akafanya kazi miaka 35 zaidi. Wapo wahakiki wanaosema picha zake kali kuliko zote ni zile za kabla, na hoja yao ina uzito. Lakini lile jua kubwa linalochomoza baharini, ukutani kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Oslo, alilichora baada ya kupona, na alikufa nyumbani kwake akiwa na miaka 80.

Umeuliza umwambie nini. Usianze na Van Gogh, anza na mkono wake. Kutetemeka na usingizi ni malalamiko ya kweli. Mtu anayeishi kwa brashi mkono ndio jembe lake, na ukimwambia "kunywa tu" atakuona humjui. Mwambie unamwamini, kisha mwende wote kwa daktari aliyempa dawa na mseme hivyohivyo: huyu ni mchoraji, mkono unatetemeka, asubuhi hawezi kuamka. Dozi inaweza kupunguzwa, saa za kunywa zinaweza kubadilishwa, dawa yenyewe inaweza kubadilishwa, na hiyo ni kazi ya daktari, si yake peke yake wala yangu. Vincent hakuwa na uchaguzi huo. Kama yule daktari hamfikii, hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo mlango wa kuanzia, nao watawaelekeza Muhimbili au Mirembe ikibidi. Na siku akianza kuzungumza habari za kufa, au ukiona anagawa vitu vyake na kuaga watu, usimwache peke yake na usingoje miadi: mpeleke siku hiyohiyo.

Mtafutie pia wenzake. Vincent aliota nyumba ya wachoraji na hakuipata. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, wapo wachoraji wanaofanya kazi jirani kwa jirani, na kutoka Morogoro ni safari ya siku moja kwenda na kurudi. Mwende siku akiwa na nguvu, na achukue picha mbili tatu za kuonyesha.

Barua za Vincent zipo zote kwenye intaneti, bure, kwa Kiingereza, zimewekwa na makumbusho ya Amsterdam tangu 2009. Mwanze na za Arles, Januari 1889, ile ya bromidi. Kama Kiingereza kinakusumbua, mwambie mdogo wako akusomee yeye, kwa sauti, huku wewe unashona.